Kwa Nini Sikuvaa Kizibao Mlichonipa

Vijana wangu wa kituo, siku ya kuniaga mlinipa kizibao cha buluu, kipya, kingali na harufu ya plastiki yake, na mgongoni mmeandikisha jina langu kwa herufi nyeupe: YA BOSCO, kaka mkubwa Bosco. Mkapiga makofi. Mkasema, "Vaa, Ya Bosco, tupige picha." Nikakikunja, nikakiweka kwapani, nikasema joto ni kali. Niliona mlivyotazamana. Mmoja wenu alinong'ona kwamba mzee alitarajia redio. Sikutarajia redio, redio ninazo mbili.

Basi ninawaandikia mjue. Nimesoma mpaka mwaka wa nne wa shule ya msingi, na mwaka wa tatu niliurudia, donc kwa haki ni mitatu. Lakini hapa Kisangani sijamwona mwenye diploma aliyerudisha watu wengi kwenye dawa kuliko mimi. Ninalisema mwenyewe kwa sababu nikingoja lisemwe na mwingine nitazeeka bure. Na kama daftari hili litamwangukia mtu asiyenijua, kazi yangu ilikuwa hii: kuwatafuta watu wenye virusi vya ukimwi, SIDA kama tunavyosema hapa, ambao wameacha kuja kuchukua dawa, na kuwarudisha. Bila nguvu, bila kelele, na bila jirani kujua. Hilo la jirani ndilo kazi yenyewe. Mengine yote ni kukanyaga pedali.

Nilizaliwa upande wa Yanonge, kwa wavuvi, na nilipofika mjini sikuwa na kitu ila mapaja. Nikawa toleka. Leo mnajua pikipiki tu, lakini wakati wangu mji wote ulikuwa unapanda baiskeli: abiria anakaa nyuma kwenye kiti cha sponji, toleka anakanyaga, Makiso mpaka Mangobo, Tshopo mpaka Kabondo. Watu walitudharau. Mama mmoja anaweza kukaa nyuma yako nusu saa nzima, akishuka hajui kama una masharubu. Hilo liliniuma sana. Nilikuwa na masharubu mazuri.

Siku yangu ya kwanza sikujua kama ni kazi. Nilimbeba papa mmoja, baba wa watu, mwembamba, ambaye hakutaka nimshushe mlango wa mbele wa kituo cha afya. "Zunguka nyuma," akasema. Nyuma kulikuwa na jengo dogo la kijani, na mlangoni amesimama muuguzi, mfupi, mnene, miwani imefungwa kwa uzi. Ndiye Mama Astrid, ambaye wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa anasoma karatasi kwa hasira.

"Toleka, unajua hapa ni wapi?"

"Kusoma kunanipiga chenga, mama. Nisomee."

Akasoma: "Nyuma ya kanisa, uliza mama wa makala." Yaani muuza mkaa.

"Mama wa makala mwembamba ao mnene?"

Akanitazama juu ya miwani. "Unanichezea?"

"Hapana, mama. Mwembamba anauzishia Mangobo, nyuma ya Wakatoliki. Mnene iko Kabondo, nyuma ya wale wa maombi. Kama hakuandika mnene, ni mwembamba. Mnene mutu hawezi kusahau."

Niliondoka asubuhi ile, na kabla ya saa sita nilirudi na mgonjwa mwenyewe wa karatasi ile kwenye kiti cha nyuma. Mama Astrid hakunisifu. Aliingia ndani akatoka na karatasi nyingine tano. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa, ingawa neno lenyewe, kuajiriwa, lilichukua miaka kufika.

Aliyonifundisha hakuyaandika popote. Alinikataza kuwa wa kwanza kumsalimia mgonjwa njiani. Ukikutana naye sokoni, unamtazama kama unavyotazama ukuta, akikusalimia, unaitika, akipita, apite. Alinikataza kuuliza "kwa nini uliacha dawa", kwa sababu mtu akiulizwa hivyo anatafuta jibu la kumfurahisha muganga. "Uliza kama amekula," alisema. Nikauliza. Wengi walikuwa hawajala, na dawa ndani ya tumbo tupu ilikuwa inawazungusha kichwa, basi wameiacha dawa wakabaki na njaa peke yake. Wengine mchungaji amewaambia wamepona. Wengine wamenenepa, wanacheza mpira, hawaoni sababu ya kunywa dawa. Na wote walitoa anwani za uongo, lakini uongo wenyewe una desturi yake: mtu anasema avenue, yaani mtaa, ya kweli na namba ya nyumba ya uongo, kwa sababu avenue ndiyo inayokuja mdomoni yenyewe. Ukijua hilo, unabakiwa na nyumba thelathini tu.

Kwa kuwa kuandika kulinishinda, wagonjwa wangu niliwachora. Mchikichi wenye shingo iliyopinda, huyo ni mtu fulani. Kisima na mlango mwekundu, mwingine. Mmoja nilimchora mbuzi, kwa sababu mbele yao palikuwa na mbuzi amefungwa siku zote. Mbuzi akauzwa, nikapotea kutwa nzima. Baadaye nilijifunza kuandika, kama mnavyoona, lakini watu wangu niliendelea kuwachora. Wakati mmoja nilisahau daftari kwa fundi wa baiskeli, likakaa wiki. Aliponirudishia aliniuliza kama mtoto wangu ameshaingia darasa la kwanza, maana mbuzi wake amekaa vizuri. Mama Astrid alicheka mpaka akavua miwani. Alisema ofisi nzima haina kabati lililofungwa kama daftari lile.

Pamba mnayojaza kwenye chupa za dawa nayo msifikiri ilitoka Kinshasa. Ilitoka kwa mvuvi mmoja mzee wa kule kwetu, aliyekosa miezi miwili. Nilimkuta anashona wavu kando ya pirogi, mtumbwi wake. Akaingia ndani, akatoka na chupa, akaitikisa sikioni kwangu.

"Dawa yenu inapiga kelele," akasema. "Niko ndani ya pirogi na batu kumi na mbili. Kila wimbi, cha-cha-cha. Banauliza: papa, unabeba mahindi ya kupanda? Nitasema nini? Nitapanda wapi, katikati ya fleuve?"

Hakuugua dini, hakuugua njaa. Kelele tu. Nilichomoa sponji kidogo kwenye kiti changu cha abiria, nikajaza ndani ya chupa, nikaitikisa. Kimya. Tangu siku ile hakukosa tena. Baadaye Mama Astrid akaleta pamba, kwa sababu kiti changu kilikuwa kinaisha. Akili ilikuwa ya mzee. Sponji ilikuwa yangu.

Mtasikia pia kwamba mimi mwenyewe ninavyo virusi. Watu wamelisema miaka yote, na upande wa mke wangu waliwahi kuitisha kikao kizima. Sikukubali, sikukataa. Na ninyi pia sitawaambia.

Bon, tufike kwenye kizibao.

Mradi fulani ulikuja, ukatupa vizibao, gilet kama watu wanavyoviita. Buluu, mifuko minne, mgongoni RELAIS, yaani mhudumu wa afya wa mtaani, kwa herufi kubwa kama za gari la polisi. Nilipokivaa mara ya kwanza nilipita mbele ya kituo cha toleka wenzangu wa zamani, taratibu, mara mbili. Wakaniita chef. Sokoni mama mmoja wa makayabu, samaki wa chumvi, aliniita docteur na akanichagulia samaki wa katikati. Nilikivaa miezi mitatu. Mke wangu alikifua Jumapili tu, siku nyingine sikumpa nafasi. Nilimwachia mtu mwingine baiskeli yangu, nikawa ninatembea kwa miguu ili mgongo uonekane.

Mama Astrid aliniambia mara moja: "Hicho ni cha mikutano, Bosco. Usikipeleke kwa milango ya batu."

"Ndiyo, mama," nikasema. Nikakipeleka.

Katika miezi ile tulikuwa na mama mmoja ambaye nitamwita Zaina, na jina lake silo. Alikuwa ameolewa katika familia ya Waislamu wa hapa hapa mjini, watu wa siku nyingi, nyumba ya heshima kule Kabondo. Mumewe alikuwa anafuata mashua za biashara mpaka Isangi na mbele zaidi, anakaa majuma. Zaina aliishi na mama mkwe. Alikuwa na mimba ya miezi sita, ya kwanza kufika hapo. Vipimo vya kliniki ya mimba ndivyo vilivyomwambia kwamba ana virusi, na alikuwa hajamwambia mtu yeyote nyumbani. Alikuja kwetu kwa mlango wa nyuma, akachukua dawa zake, akanywa vizuri. Mnajua hesabu yake: mama akinywa dawa bila kukosa, mtoto anaweza kuzaliwa mzima. Akiacha, hatujui.

Akachelewa siku nne. Siku nne tu. Ningepita na baiskeli, nikapiga kengele mara mbili mbele ya nyumba, nikaendelea, naye angekumbuka. Badala yake nilifika na kizibao changu, kifua mbele, saa nne ya asubuhi, avenue nzima iko nje inatwanga pondu, majani ya muhogo.

Mama mkwe alikuwa kibarazani anachambua mchele. "Karibu, docteur," akasema.

Docteur. Nikanyooka. "Namtafuta Mama Zaina. Amekosa rendez-vous yake ya kituo."

"Rendez-vous ya mimba ni Alhamisi. Leo ni Jumatatu."

Zaina alitoka mlangoni, akaniona, uso wake ukafa. Na upande wa pili wa barabara jirani mmoja akaacha mchi juu na kusema, si kwa nguvu, lakini ilitosha: "Gilet hiyo ni ya bale ba jengo ya nyuma."

Nikasema nimekosea nyumba. Nimekosea nyumba, na jina nimeshalitaja. Niliondoka nikisikia michi yote imenyamaza.

Zaina hakuja kesho yake wala wiki ile. Dada mmoja wa avenue ile, mgonjwa wetu, ndiye aliyeleta habari: Zaina ameondoka na kifuko kimoja, amekwenda kwa tonton wake, kaka ya mama yake, kule Ubundu.

Niliingia kwa Mama Astrid nikamweleza yote. Hakupiga kelele. Laiti angepiga.

"Toleka anaingia kila pahali kwa sababu hakuna mutu anamuona," akasema. "Nilikuchukua juu ya hiyo. Wewe ukataka kuonekana." Akafungua kabati, akahesabu dawa za miezi miwili, akajaza pamba. "Zake zimeisha siku saba sasa. Mutoto ule ndani ya tumbo hana muganga mwingine, iko na wewe tu. Ondoka."

Nikaivuta baiskeli yangu kwa yule niliyemwachia. Kizibao nikakiacha nyumbani. Nilinunua kwanga sita, mikate ya muhogo iliyofungwa majani, nikamwomba mke wangu afungue majani ya tatu kati yake kwa uangalifu, nikaziweka chupa ndani, tukafunga tena kwa kamba ileile na kuongeza ya pili. Mke wangu hakuuliza. Alijua kuna maswali ambayo ndani ya nyumba ile hayana mwenyewe. Nikavuka fleuve, mto wetu mkubwa, kwa pirogi mpaka Lubunga, nikafuata njia inayokwenda na reli.

Treni haikuwa inatembea. Njia ilikuwa matope, magogo mawili kwenye kila kijito, na baiskeli za watu zenye mizigo ya makemba, ndizi za kupika, zikisukumwa na wanaume wasio na pumzi ya kusalimia. Siku mbili. Sitawadanganya kwamba nilifikiri mambo makubwa. Nilifikiri siku zile ambazo dawa zimekwisha, nikazihesabu kila nilipokanyaga: tano, sita, saba. Nilipofika Ubundu zilikuwa tisa.

Sasa sikilizeni, hii ni ya kazi. Mahali kama Ubundu mgeni akiuliza jina la mwanamke, mpaka jioni kila mtu anajua ameulizwa na nani. Kwa hiyo sikuuliza. Nilipindua baiskeli yangu juu chini pale wanapouza samaki, nikatoa gurudumu, nikatoa mpira, nikakaa. Toleka mwenye tairi iliyotoboka hakuna anayemshangaa, na samaki kila nyumba itamfuata.

Alipita asubuhi ya pili. Tumbo lilikuwa limekua, uso umepungua. Aliniona. Na mimi nikamtazama kama ukuta. Akapita. Alinunua samaki, akarudi kwa njia nyingine, akapotea. Nikabaki na mpira mkononi. Kumfuata sikuweza, kumwita sikuweza. Sheria ya Mama Astrid sijawahi kuichukia kama asubuhi ile. Niliziba tundu ambalo halikuwepo, nikalibandua, nikaziba tena.

Kesho yake alikuja na ndoo, akasimama mbele yangu.

"Toleka, pneu hii inapona lini? Jana ilikuwa mugonjwa, leo tena?"

"Ilikuwa inangoja mutu wa kuisalimia, mama."

Akaweka ndoo chini, akaikalia, kama mtu anayepumzika. Watu walikuwa wanapita, hakuna aliyetutazama.

"Ni mama mukwe alikutuma?"

"Hapana."

"Gilet yako iko wapi?"

"Nyumbani."

"Ungeiacha huko tangu mwanzo."

"Ndiyo, mama."

"Unajua ile siku ulitoka, mama mukwe alinipatia kikombe? Kipya. Kizuri, na maua. Akasema, hii itakuwa ya kwako, Zaina. Hakunitukana hata kidogo. Akakiosha yeye mwenyewe na akakiweka peke yake, kwa dirisha." Alikuwa anatazama gurudumu langu. "Ningenywea kwa mukono kuliko ile."

Mimi ni mtu wa maneno mengi, mnanijua. Nilitafuta yote, nikakuta moja. "Nisamehe," nikasema. "Nilitaka baniite docteur."

Akanitazama mara ya kwanza. "Bakakuita?"

"Bakaniita."

"Ilikuwa tamu?"

"Mpaka kwenu tu."

Akacheka puani, kidogo, bila kupenda. Kisha akauliza lile ambalo wote huuliza: "Na wewe, unakunywa?"

"Nikikuambia yangu leo, kesho nitaambia mwingine yako."

Nadhani jibu lile ndilo lililofanya kazi ambayo miguu yangu haikuifanya kwa siku mbili. Nikamsogezea kwanga. "Hizi tatu zenye kamba mbili usile na tonton. Fungua peke yako. Hazipigi kelele." Akazipima mkononi, akaelewa. Nikamuuliza kama amekula. Alikuwa amekula. "Basi kunywa leo, kabla hujapika hata samaki wa leo."

"Nitakunywa. Lakini Kisangani sirudi. Nitazalia hapa."

Nikamweleza: mtoto akizaliwa lazima apate dawa yake ya maji siku ileile, na kituo cha karibu naye pale, mkunga wake ni binti wa tonton huyohuyo, kwa hiyo yeye Zaina hatakwenda huko. Alijua yote hayo kuliko mimi.

"Mulango ule wa Kabondo iko na gilet yako juu yake," akasema. "Uiondoe kwanza. Mimi sitaiondoa."

Akabeba ndoo yake akaenda.

Nilirudi Kisangani nikiwa na nusu ya furaha, na nusu ni nzito kubeba kuliko kitu kizima. Dawa anakunywa. Lakini mlango. Jinsi ya kuondoa kitu ambacho avenue imeshakiona, hilo hakuna shule inayofundisha, ndiyo maana lilinifaa mimi. Mama Astrid anasema akili ile ilikuwa yake. Amezeeka, tumwachie. Ilikuwa yangu.

Sikuficha kizibao. Nilikivaa tena. Mama Astrid akapata vyandarua kutoka kituo, na wenzangu watano wa mradi, kila mmoja na kizibao chake, na tukaingia avenue ile ya Kabondo nyumba kwa nyumba, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, na avenue mbili za jirani. Si mchezo wa kuigiza: tulipigilia misumari kweli, tukafunga vyandarua kweli, tukaonyesha watu madimbwi yao. Kila mtu alipata mgeni wa buluu mlangoni. Yule jirani wa mchi nilimpelekea watatu kwa mara moja, na wakakaa sana.

Siku ya tatu nikafika kwa mama mkwe. Alikuwa kibarazani pale pale.

"Wewe," akasema. "Avenue yote unaanzia kichwa. Juu ya nini kwangu ulikuja mbele, peke yako?"

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. "Mama, unataka niseme mbele ya batu?"

Jirani akaacha kazi yake.

"Sema."

"Ni dimbwi. Nyuma ya nyumba yako. Kubwa kuliko yote ya avenue. Kwetu lilikuwa limeandikwa la kwanza. Na muke mwenye mimba ndani ya nyumba yenye mbu namna ile, malaria inaweza kumuangusha na mutoto. Rendez-vous aliyokosa ni ya kuchukua chandarua, ndiyo maana niliita jina lake. Nilipoona batu bengi, nikaona haya kwa ajili yako, nikasema nimekosea nyumba."

Dimbwi lilikuwepo kweli. Nililipima kabla ya kubisha.

Mama yule aliinuka taratibu. Alichukia, lakini alichukia ile chuki ya mwenye nyumba safi, si ile nyingine. "Dimbwi," akamwambia jirani, ambaye hakuwa amesema kitu. "Unasikia? Dimbwi. Na wewe ulisema nini mbele yangu?" Jirani akarudi kwenye pondu yake haraka sana. Kabla sijamaliza kufunga chandarua kwenye chumba cha Zaina, koleo lilikuwa linasikika nyuma ya nyumba.

Siku zile zile akamtuma mtu wa pikipiki Ubundu, akamletee mkamwana wake. Mimi nilikaa nikingoja kama mtu aliyetega nyavu na kusahau wapi. Wiki ikapita, nikapita tena kuangalia vyandarua, kizibao mgongoni. Mama mkwe akaita ndani maji ya mgeni. Zaina ndiye aliyeyaleta. Alinipa kama anavyompa mtu asiyemjua, macho chini. Kikombe kilikuwa na maua. Nilikunywa yote, nikakirudisha, na mama mkwe akakichukua, akajimiminia, akanywa. Kisha akanilalamikia kwamba chandarua kinawasha.

Nilisema kinawasha wiki ya kwanza tu. Nikatoka nje nikasahau kofia yangu.

Mtoto alizaliwa kwetu, wa kike, akapewa dawa yake ya maji saa ileile. Kipimo cha kwanza kizuri. Cha pili kizuri. Lakini cha mwisho ni mpaka aache ziwa na muda upite, na muda ule ninyi mnaujua, hauna mwendo. Mumewe aliporudi na mashua Zaina alimweleza mwenyewe, kwa siku aliyoichagua, na yaliyofuata baina yao wameyamaliza wenyewe. Nitasema tu kwamba baadaye walikuja kwa mlango wa nyuma wawili.

Siku ya kipimo cha mwisho Mama Astrid alitoka na karatasi. Zaina alikuwa benchi moja, mimi benchi nyingine, hatujuani. Mama Astrid akamwita ndani. Mama Astrid alipopita kwangu akatingisha kichwa mara moja tu, chini. Mtoto hana kitu.

Nilitoka nje, nikasimamisha baiskeli yangu, nikakaa kwenye kiti cha nyuma, pale wanapokaa abiria. Miaka yote ile sikuwahi kukaa pale. Ni pazuri. Mtu hafanyi kitu.

Kizibao nilikirudisha stoo kesho yake, na tangu hapo sijavaa kingine. Basi mnajua.

Sasa goti la kushoto limestaafu, nami nimelifuata. Nalala vizuri. Nikisikia mtu amepotea si mimi ninayemhesabia siku, ni ninyi, na nawaamini, si sana, lakini vya kutosha. Wiki iliyopita nilikwenda sokoni na baiskeli yangu ya zamani kununua kwanga. Nilivaa vizuri, viatu vyangu vyeusi. Pale wanapokaa wenye pikipiki wananijua wote.

"Chef," mmoja akaita, "retraite imekurudisha kwa pedali?"

"Ninapasha damu joto," nikasema. "Wewe pasha mdomo."

Wakacheka. Na hapo nikamwona Zaina, na kapu, na wake wa shemeji zake wawili, na mtoto ameshika gauni lake. Ameshakuwa mrefu, meno ya mbele hayapo. Nikamtazama mama yake kama ukuta. Angepita, ilikuwa haki yake. Alisimama.

"Toleka," akaita, kwa sauti ya sokoni. "Unaenda Kabondo? Mutoto amechoka, na mimi niko na kapu."

Wenye pikipiki wakanigeukia. Mmoja akaanza, "Mama, huyu si toleka, huyu ni chef wa..."

"Ni toleka," nikasema. "Panda, mama."

Akamwinua mtoto akampandisha kwanza kwenye kiti cha sponji, akapanda nyuma yake na kapu. Wake wa shemeji wakamwambia watakutana nyumbani. Nikakanyaga. Nyuma yangu nilisikia mtoto anauliza, "Mama, huyu ni nani?" na mama yake akajibu, "Ni toleka, nimekuambia." Tukapita mbele ya wenye pikipiki wote wakicheka, goti linalia. Barabara ikaanza kupanda, nikapunguza, na mkono mdogo ukanipiga mgongoni, katikati, mara mbili.

"Toleka, kimbia."

Nikakimbia.